Simu kutoka nyumbani ikiita moyo unaenda mbio, huu ni ugonjwa au ndo nimekuwa na roho mbaya?

MwalimuChaki

Wadau habari za jioni. Ni ndefu kidogo naombeni mnivumilie.

Mi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Urambo hapa Tabora, nyumbani Kasulu. Kwetu ni wa pili kuzaliwa ila ndo wa kwanza kupata ajira ya serikali kwahiyo cheo changu pale nyumbani ni "mtumishi", na nyie mliotoka familia za hivo mnajua hicho cheo hakina likizo. Baba alishatangulia mbele za haki. Yupo mama, ana presha na magoti yanamsumbua, dada mkubwa aliachika karudi nyumbani na wanae, mdogo wangu mmoja anaendesha bodaboda ya mtu, mwingine kidato cha tano, afu kuna bamdogo, shangazi na mabinamu ambao wengine hata sura siwakumbuki ila namba yangu wanayo.

Shida yangu ni simu. Tarehe za mshahara zikikaribia zinaanza. Hakuna anayeanza na shida, anaanza na salamu ndefu, mwakeye, watoto hawajambo, huko kwenu mvua imeanza, mkeo mzima, afu inakuja kimya fulani hivi, afu "sasa mwanangu..." Hicho kimya ndo kinanimaliza kuliko hata kiasi chenyewe kinachotajwa. Na ukituma lazima uweke na ya kutolea.

Mei Mosi 2025 ilipotangazwa kima cha chini cha mshahara serikalini kimepanda asilimia 35.1, yani kutoka 370,000 kwenda 500,000, redio ilikuwa haijamaliza habari nishapigiwa simu ya pongezi na bamdogo. Nikamwambia baba hiyo ni ya kima cha chini, sisi wengine tunaongezewa tofauti, akacheka akasema sawa mwanangu, serikali imewakumbuka. Kuanzia hapo hata nikisema sina naonekana naficha. Wakati bodi ya mikopo inakata asilimia 15, mfuko wa pensheni unakata, bima inakata, na mkopo wa benki nilioukopa kipindi baba anaumwa bado unakata. Nabaki na kile kipande ambacho sheria inawakataza wasikiguse.

Sasa imefika mahali nikiona tu namba ya nyumbani kwenye kioo moyo unaenda mbio, mikono inatoa jasho. Nimeiweka sailensi, lakini ndo naikagua kila saa kuona nani kapiga. Usingizi unakata saa nane za usiku nabaki naangalia bati mpaka adhana. Darasani hasira ziko karibu, chakula sikisikii utamu. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kununa, na mama kamwambia dada kwamba nimebadilika, eti nimeshikwa na mwanamke.

Kuna mtu humu alishaweza kupunguza hii kitu bila kuvunja na nyumbani? Na hii hali ya moyo na usingizi ni ya kwenda hospitali au ni stresi itapita yenyewe? Wale wa kuniambia badilisha laini nilishaliwaza hilo na sitaki, yule ni mama yangu.

Nawasilisha.

---

Kibirizi_Boy

Badilisha laini. Hahaha natania mkuu.

Mi ni mvuvi huku Ziwa Tanganyika, hela zetu zinakuja kwa giza, mbalamwezi ikitoka tunakaa nchi kavu tunashona nyavu, na ndugu zangu wanaijua kalenda ya mwezi kuliko tajiri mwenye mtumbwi. Giza likianza tu simu zinaita kama kawaida yenu hiyo ya mshahara. Nikawa naomba hata mashine ife nipate sababu.

2024 serikali ikafunga ziwa, miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Kila mtu alijua hatuna kitu. Unajua nini kilitokea? Simu zikakata. Zote. Wiki ya kwanza nikafurahi nikalala usingizi wa mchana. Baadae nikaanza kujiuliza mbona hata wa kunijulia hali hakuna, hata shangazi yangu aliyekuwa akinipigia kila baada ya siku mbili. Niliumia kuliko kipindi kile cha kuombwa, nakwambia ukweli.

Lilipofunguliwa nikaweka utaratibu wangu, nampigia shangazi mwenyewe kwenye mbalamwezi, kipindi anajua sina. Mwanzoni aliogopa, akadhani nimepigiwa msiba. Sa hivi tunaongea mambo ya ajabuajabu tu, ananisimulia mbuzi wake. Kwenye giza bado ananiomba, sijamtibu hilo, ila simu yake haininyanyui tena moyo.

---

MamaCheyo

Mwalimu pole. Mi naongea kama mke maana naona mkeo umemtaja mstari mmoja tu ukapita.

Je anajua unatuma kiasi gani? Siyo kukisia, kujua. Wangu alikuwa anaficha. Alikuwa na laini ya pembeni ya kutuma hela kwao, nikaja kuiona meseji siku ameniachia simu nimpigie fundi. Watu wakajua tumegombania hela, jamani siyo hela, kile kiasi hata ningeambiwa ningekubali, tatizo nilijiona mpangaji kwenye nyumba yangu. Na yeye alikuwa hivohivo unavyojielezea, usiku hajalala, ukimsemesha anaruka. Alikuwa amebeba uongo juu ya mzigo, na uongo ndo ulikuwa mzito.

Tulichofanya ni kutenga fungu. La kwao na la kwetu, yote mawili, hata kama la kwetu dogo kwasababu kwetu wapo wanaojiweza kidogo, lakini liwepo lisomeke. Likiisha limeisha. Na afu kitu kikubwa, usije hata siku moja ukasema "mke wangu hataki" au "ngoja niongee na mke wangu". Mwanamke aliyeolewa huko kwenu tayari ni mshukiwa namba moja, ukisema hivo umemkabidhi hati ya mashtaka. Ile "hapana" iseme mwenyewe kwa mdomo wako, na ile "ndiyo" mpe mkeo aiseme. Mi siku hizi ndo namtumia mama mkwe dawa ya kuchua na kitenge kwa basi, na ndo nampigia kumwambia mzigo umepanda gari gani. Miaka ya nyuma alikuwa ananiita "huyo", sa hivi ananiita mama fulani. Haijaisha kabisa, ila inapumulika.

---

MzeeWaReli

Kijana wangu marahaba, hata kama hujaamkia.

Mimi nimestaafu shirika la reli, nipo Ujiji. Nilikuwa nafanya Tabora, wazazi wangu wapo huku Kigoma. Nyinyi mnadhani sisi hatukuombwa? Tuliombwa sana. Ila ombi lilikuja kwa barua, barua inapanda treni, inafika Tabora, karani anaichambua, unaisoma Jumamosi, unakaa nayo, unajibu wiki inayofuata, na hela ikienda inaenda kwa hundi ya posta. Katikati hapo mtu wa nyumbani alishajisaidia kwa njia nyingine, na wewe ulishapiga hesabu kichwa kikiwa kimetulia. Nafasi ile ndiyo simu imeiondoa. Mtu anaomba saa nne, saa nne na nusu anapiga kuuliza mbona hujatuma.

Basi irudishe ile nafasi. Usijibu siku hiyohiyo, si ndiyo wala hapana. Mwambie nimekusikia, nitakujibu Jumapili. Na Jumapili kweli ujibu, usijifiche, maana ukijifichaficha ndiyo unawafundisha kupiga sana. Akisema ni dharura muulize dharura gani, mgonjwa yuko wapi, yuko na nani. Dharura ya kweli haina hasira na maswali.

Mama yako mpe kiasi kinachojulikana, tarehe inayojulikana, kabla hajaomba. Kiwe kidogo lakini kisikose. Mzazi akiomba kila mara anajisikia vibaya na yeye, msidhani wanafurahia.

Wengine wote wapitie kwa mtu mmoja. Una bamdogo, huyo aliyekupongeza. Nenda likizo ya Desemba, mchukue pembeni kabla ya kikao, mwoneshe karatasi yako ya mshahara, mwambie baba nisaidie kulibeba hili. Kisha kiitwe kikao na aseme yeye, wewe unyamaze. Mtoto akisema "nimeelemewa" wanamwona mjeuri, mzee akisema "mtoto ameelemewa" wanainamisha kichwa.

---

Ipuli_One

Mzee heshima yako ila hapo kwenye karatasi ya mshahara napinga kwa nguvu zote. Mi nilipeleka. Waliangalia mstari wa juu, ule wa kabla ya makato, wa chini hakuna aliyeusoma. Mpaka leo nikienda Nzega kuna mjomba ananiita kwa ile figa ya juu.

Na vikao sijui, inategemea ukoo. Kwetu kikao kilianza kama ushauri kikaisha kama kesi, likatolewa deni la 2009 kwamba mjomba aliuza debe za mpunga nikasome, sijui nani alininunulia viatu, nilitoka pale nadaiwa mpaka maziwa ya mama. Sikatai walinisaidia, walinisaidia kweli, ndo maana inauma. Ungekuwa hudaiwi ungekata simu ukalala.

Nilichoona kinafanya kazi kwangu ni kuacha kutuma hela ya kitu na kulipia kitu chenyewe. Huyo dogo wa form five, kama yuko shule ya serikali, akikwambia ada mwambie ada ya tano na sita ilifutwa 2022, akutumie picha ya ile fomu ya kujiunga, unanunua godoro, unanunua madaftari, unampa ya nauli kwisha. Simwiti mwongo, inawezekana kuna michango na vitu vya bweni kweli, na hivyo vinaumiza sana. Lakini kwenye neno "ada" vinajificha vitu vingi, najua maana na mimi nilishakuwa form five.

Na gurupu la wasapu la ukoo, kama lipo, toka kwenye ile orodha ya michango. Unajua ile orodha, mtu anakopi anaongeza jina lake na kiasi, afu anayefuata anaogopa kuandika kidogo kuliko wa juu yake. Ndo hapo watu wanaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili jina lisomeke. Nimeshuhudia mtu kaweka rehani friji kwa ajili ya send-off ya mtoto wa binamu.

---

DadaWaBuzebazeba

Nimesoma yote. Naomba na mimi niseme maana mi ndo yule mnayemtumia.

Mi nipo Kigoma mjini, naishi na mama. Alipigwa kiharusi upande wa kulia. Mi nilikuwa na biashara yangu Kibirizi, nanunua dagaa wabichi asubuhi naanika, wakikauka nauzia watu wanaopeleka Tabora na Dar kwa treni, nilikuwa na sehemu yangu ya kuanikia, na wateja, na mchezo wa kupeana hela na wanawake wenzangu kila Ijumaa. Sa hivi sehemu ile anaanika mtu mwingine. Kwasababu mama hawezi kuachwa, mtu aliyelala hivo anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili la sivyo anapata vidonda, na masaa mawili hayajali usiku wala mchana, nyie mnaamka saa nane kwa mawazo mi naamka saa nane kumgeuza mama, afu saa kumi tena.

Kaka zangu wako mbali wana kazi nzuri na kweli wanatuma, siwezi kusema hawatumi, ila hela inapitia kwa kaka mkubwa aliyepo mjini mwenye duka, inakuja kwangu ikiwa imeshahesabiwa, hii ya dawa hii ya pampasi hii ya unga, na nikinunua sabuni ya kuogea nawekwa kikao. Wana gurupu. Mama akipiga picha amekaa kwenye kiti wanaweka mikono ya kuomba na maua. Nikaandika siku moja jamani nani anaweza kuja akae na mama hata siku chache nikalale kwa rafiki yangu Gungu nipumzike, gurupu zima likalala. Kesho yake asubuhi mmoja akatuma elfu ishirini "ya soda".

Yani mwalimu sikulaumu, naona na wewe unaumwa kweli. Lakini kwenye maelezo yako dada yako yupo mstari mmoja, "aliachika karudi nyumbani". Huyo ndo anayemfungia mama yako kitenge asubuhi akishindwa kuinama. Huyo analala usingizi gani? Kuna siku ulimpigia yeye?

---

MwalimuChaki

Dah. Asanteni wote, nilikuwa na kipindi ndo narudi naona mmejaa.

DadaWaBuzebazeba pole sana dada yangu, nimesoma mara mbili. Ila naomba nijitetee kidogo, kwetu ni tofauti, hela napitisha kwa huyohuyo dada, hakuna kaka wa katikati. Na kusema ukweli kwenye orodha ya wanaopiga simu yeye ndo anaongoza. Mama mwenyewe huwa hapigi, anapiga dada.

MamaCheyo mke anajua kiasi, hajui kila kitu, tuseme hivo. Leo usiku tutakaa.

Mzee marahaba yako nimeipokea kwa kuchelewa, shikamoo. Hilo la Jumapili naanza nalo kesho. Hilo la bamdogo nalitafakari maana bamdogo mwenyewe ni mmoja wa wateja wakubwa.

Swali langu la pili la hospitali bado halijajibiwa.

---

DadaWaBuzebazeba

Anapiga kuomba nini? Fungua meseji zake usome upya. Nina uhakika ni dawa za presha, mkaa, unga, sabuni, nauli ya kumpeleka mama kliniki. Hiyo ni hela ya mama. Tafuta meseji moja ambayo ameomba kitu chake yeye, gauni, mafuta ya nywele, mtaji, uje unikatalie hapa.

---

NesiWaZamu

Mwalimu nimechelewa, nimetoka zamu ya usiku. Mimi ni muuguzi, siyo daktari, ila nimekaa kliniki ya afya ya akili muda wa kutosha na wewe siyo wa kwanza kuja na hadithi ya simu. Walimu, askari, watu wa halmashauri, na mabinti wanaofanya kazi za ndani, hao ndo wengi na ndo hawasemi.

Kwanza huna roho mbaya. Mwili wako umejifunza kwamba ule mlio ni hatari, basi unajiandaa kukimbia, moyo, jasho, tumbo kukaza. Ukiiweka sailensi unapata nafuu ya muda huo, lakini hofu inakua kwasababu mwili unaamini umeponea chupuchupu. Ndo maana alichosema Kibirizi_Boy mi nimekipenda kuliko ushauri mwingi wa kitaalamu. Piga wewe. Katikati ya mwezi, siku ambayo huombwi, dakika tano, ongea mbuzi, ongea mvua, kata. Unaufundisha mwili kwamba namba ile inaleta na mambo mengine.

Pili hilo la usingizi. Kuamka saa nane na usingizi usirudi, chakula kukosa ladha, hasira, kujiona hufai, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, kushindwa kukazia akili kazi, hivi vikikaa pamoja karibu kila siku wiki mbili au zaidi tunaacha kuita stresi, tunaanza kufikiria sonona, yani depression. Inaweza isiwe, hakuna anayeweza kukwambia kwa kuandikiana humu. Kwahiyo nenda. Anzia hospitali ya wilaya hapo Urambo, ikibidi watakuandikia Kitete pale Tabora mjini. Walio Kigoma nendeni Maweni. Ukifika usiseme "kichwa kinauma" ukapewa panadol ukarudi, sema yote kama ulivyoyaandika hapa, hata uwasomee kwenye simu. Wakupime presha, sukari, damu, na tezi ya thairoidi kama kipimo kipo, maana tezi ikizidi kufanya kazi nayo inakimbiza moyo na kuondoa usingizi, na hiyo haitibiwi kwa ushauri.

Watu wanaogopa wakidhani ukitaja akili unapakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili Mirembe. Hapana. Wengi wanaongea na mtu, wanarudi, wanaongea tena, basi. Wengine wanapewa dawa, na dawa za sonona siyo za siku moja, mpaka uone nafuu zinachukua wiki mbili mpaka nne hivi au zaidi kidogo, watu wanaziacha wiki ya kwanza wanasema hazifanyi kazi, au wanaziacha ghafla wakijisikia vizuri, yote mawili ni makosa. Na mkuu wa shule hana haja ya kujua unaumwa nini.

Pombe hujaitaja na mimi sikuulizi hadharani. Kama ipo, inakupa usingizi saa nne inakunyang'anya saa nane, hesabu mwenyewe.

Na swali la mwisho nakuuliza wazi maana ndo kazi yangu: kuna muda unawaza bora usingekuwepo, au kwamba wangebaki na mafao wangekuwa na nafuu? Kama lipo hata kidogo usisubiri likizo wala Jumatatu, mwambie mkeo leo na uende leo. Kuuliza hivi hakumtii mtu wazo, watu wengi wakiulizwa wanashusha pumzi.

---

MwalimuChaki

Nesi ubarikiwe. Hilo la mwisho hapana. Kuna kutamani kupotea wiki moja hivi sehemu isiyo na mtandao, ila kufa hapana. Nimemsomea mke wangu hii post yote pamoja na majibu, kasema Alhamisi tunaenda wote, kaomba ruhusa kazini kwake kabla hata sijakubali.

DadaWaBuzebazeba nimerudi mpaka meseji za mwaka jana. Dawa, mkaa, unga, dawa, mbegu za maharage, nauli ya hospitali, daftari za dogo. Kuna moja tu ya kwake, aliomba bando ili aongee na mwanae mkubwa aliye kwa baba yake, na hiyo sikuijibu nadhani ilizama katikati ya nyingine. Sina zaidi ya kusema hapo.

---

Kibirizi_Boy

Mtumie bando sasa hivi usiandike tena humu.

---

MwalimuChaki

Nimeshatuma mkuu. Kanipigia anauliza nani kafa. Hahaha.

---

Ipuli_One

Ndo wanavyoanzaga wote.

Mwalimu kitu kingine, mama ana presha unasema. Umemuingiza kwenye bima yako? Si unakatwa asilimia tatu kila mwezi na mwajiri anaweka tatu nyingine, ile bima ya mtumishi ni ya kwako, mwenza wako na wategemezi wanne. Watoto unao wangapi?

---

MwalimuChaki

Wawili. Mi nilijua ni mke na watoto tu.

---

NesiWaZamu

Wazazi wanaingia. Hapo una nafasi mbili zimekaa tu, na dawa za presha za mama umekuwa ukizilipa mfukoni kila mwezi, kliniki na vipimo pia. Chukua nakala ya cheti chako cha kuzaliwa kinachoonesha jina la mama, picha yake, kitambulisho chake cha NIDA kama anacho, uwaulize ofisi ya bima wanataka nini zaidi. Dada yako akienda na mama kliniki akiwa na kadi, simu za dharura za tarehe za katikati zitapungua nyingi tu. Nyingine zitabaki, usitegemee miujiza.

---

MzeeWaReli

Na hiyo kadi ikitoka, ipeleke mwenyewe kwa mkono wako. Panda treni. Usiitume kwa basi.

---

MamaCheyo

Mzee hapo umemaliza. Na aende na mkewe, yeye ndo amkabidhi mama mkwe kadi mbele ya hao mabamdogo.

---

DadaWaBuzebazeba

Na mkishafika dada apewe ruhusa akalale kwa rafiki yake. Mke wa mwalimu nisamehe wifi yangu, najua ni likizo yako.

---

MwalimuChaki

Kasema sawa, ila na yeye anauliza swali. Mama yake mzazi aliye Sikonge naye anasumbuliwa na sukari, hiyo nafasi ya pili inaweza kuwa ya mama mkwe?

---

Ipuli_One

Wazazi wa mwenza wanaingia. Ila kama mna mpango wa mtoto wa tatu hesabuni vizuri kabla hamjajaza fomu.